Mji na Pindo: Kuwasoma Wanyama wa Uzi

Hotuba ya ufunguzi wa maonyesho ya darizi za wanyama, Tanga

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu.

Mgeni rasmi, akina mama ambao kazi za mikono yenu zimejaza kuta hizi, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliokuja na sare za shule, nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimefundisha sayansikimu tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na muda wote huo sindano haikunitoka mkononi. Leo sitafundisha mishono. Nataka tuzungumze juu ya kusoma.

Kila mwanamke wa pwani anajua kusoma kanga. Anajua pindo, lile pambo linalozunguka pande zote nne. Anajua mji, yaani pale katikati. Anajua jina, yale maneno yaliyochapwa chini ya mji. Anajua pia kwamba kanga ikivaliwa siku fulani mbele ya mtu fulani imekwisha kusema, na aliyeivaa hakufungua mdomo. Wifi amepata salamu zake. Jirani amepata jibu lake. Mume amejua kwamba jambo la juzi bado halijasahaulika.

Mnyama aliyedariziwa naye anasomwa hivyo. Mtu hakai siku arobaini akimtia uzi kondoo kwa sababu tu kondoo anapendeza. Ana jambo. Mara nyingi ni jambo ambalo hakuwa na mahali pengine pa kulisemea, au alikuwa na mahali lakini hakuwa na ruhusa. Basi mkizunguka ukumbi huu leo, naomba msiishie kusema "huyu twiga mzuri". Ulizeni twiga anamwambia nani, na anamwambia nini.

Nianzie mbali. Huko Ufaransa, katika mji wa Bayeux, kumetunzwa kwa karne nyingi kitambaa cha kitani chenye urefu wa karibu mita 70 na kimo cha nusu mita. Kimedariziwa kwa nyuzi za sufu zilizotiwa rangi za mimea, nyekundu, buluu, njano, kijani, na kinasimulia jinsi William wa Normandy alivyovuka bahari mwaka 1066 akaiteka Uingereza. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kilidariziwa Uingereza kwenyewe, miaka michache tu baada ya vita, na kwamba aliyekiagiza huenda ni Askofu Odo, ndugu wa mshindi. Zingatieni hilo. Kazi imeagizwa na walioshinda, na mikono iliyoifanya ni ya walioshindwa.

Nilipoona picha zake mara ya kwanza kitabuni nilisema kwa sauti, "Hii ni kanga!" Wenzangu ofisini walicheka, lakini tazameni wenyewe: katikati pana mji, ambako wafalme wanaapa, merikebu zinajengwa, askari wanapigana. Juu ya watu hao pana jina, maneno mafupi ya Kilatini yanayoeleza nani ni nani. Na juu kabisa na chini kabisa pana pindo, na pindo hilo limejaa wanyama.

Katika mji wenyewe kuna farasi wapatao 200. Wapo wa buluu, wapo wa kijani, na wengi miguu yao ya upande wa mbali ina rangi tofauti kabisa na mwili. Watoto huona hilo ni kosa. Si kosa hata kidogo. Uzi wa sufu hauna kivuli kama kalamu, kwa hiyo mdarizi aliyetaka kuonyesha mguu upi uko karibu na upi uko nyuma alibadilisha rangi, na jicho lako likaelewa bila kuambiwa. Miaka zaidi ya 900 iliyopita mtu alikaa na farasi wake wa buluu, akafikiri, akapata jibu. Na ukihesabu watu wa kitambaa chote, mamia kwa mamia, wanawake waliomo hawafiki kumi. Farasi wamepewa nafasi kuliko mama zao wale wapiganaji.

Lakini mimi nalipenda pindo zaidi. Humo mna simba, ngamia, ndege wenye shingo zilizosokotana, mbwa wanaofukuza sungura. Na humo mna hadithi ambazo nanyi mnazijua, kwa sababu zimo hata katika vitabu vya shule vya Kiswahili: mbwa mwitu na mwanakondoo, mbwa mwitu na korongo aliyemtoa mfupa kooni, na yule mbweha aliyemsifu kunguru mpaka akafungua mdomo na jibini ikaanguka. Hadithi ya mbweha na kunguru imerudiwa mara tatu kwenye pindo hilo. Mara tatu! Sufu ilikuwa na gharama, na muda pia. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba hapo wadarizi wa Kiingereza walikuwa wanasema neno lao chinichini kuhusu nani alimdanganya nani na nani alimnyang'anya nani taji. Wapo wasiokubali. Mimi nimelelewa katikati ya wanawake wanaojibizana kwa kanga, na sioni ugumu wa kuamini.

Sasa fuateni pindo la chini hadi lifike kwenye vita vya Hastings, vile alivyoshinda William. Mapigano yanapopamba moto, farasi kwenye mji wanapinduka vichwa chini, miguu juu, shingo zimevunjika. Na wanyama wa pindoni wanatoweka. Mahali pao panajaa maiti, ngao zilizotupwa, watu waliovuliwa nguo za vita. Ndege na simba wa mapambo hawawezi tena kukaa hapo. Nimefundisha darizi maisha yangu yote na sijui njia nyingine ya kusema "dunia imeharibika" kwa sindano iliyo na nguvu kuliko hiyo.

Julai 2025 ilitangazwa kwamba kitambaa hicho kitaazimwa British Museum ya London kuanzia Septemba 2026. Kijana yeyote wetu aliye masomoni huko, nitamwomba akasimame mbele ya pindo la chini kwa niaba yangu.

Nisonge mbele miaka 500 hivi, kwa mwanamke mmoja tu. Mary, malkia wa Uskoti, alikimbilia Uingereza mwaka 1568 akitafuta msaada wa ndugu yake Malkia Elizabeth. Badala ya msaada alipata kifungo, na kifungo hicho kilidumu karibu miaka 19, mpaka alipokatwa kichwa Februari 1587. Barua zake zilisomwa na wageni wake walichunguzwa. Mwaka 1569 mgeni mmoja alimuuliza anapitishaje siku pale ndani wakati mvua haimruhusu kutoka. Akajibu kwamba hushinda na sindano, kwamba wingi wa rangi unaifanya kazi isichoshe, na kwamba huacha pale tu maumivu yanapomlazimisha.

Yeye na mwenyeji wake, bibi aliyejulikana kama Bess wa Hardwick, walidarizi wanyama. Walichukua michoro kutoka kitabu kikubwa cha wanyama cha Conrad Gessner, mwanazuoni wa Zürich, kilichoanza kutoka mwaka 1551. Walidarizi tembo, walidarizi ndege wa Amerika mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa, samaki, na viumbe wasiokuwepo duniani. Sehemu kubwa ya kazi hizo iko Oxburgh Hall, nyumba ya kale katika jimbo la Norfolk. Na kipo kipande kimoja, kilichotunzwa Edinburgh, cha paka. Paka huyo ana manyoya ya rangi ya machungwa, na karibu yake yuko panya.

Elizabeth alikuwa na nywele za rangi hiyo. Kila aliyeingia chumbani alijua. Hakuna mlinzi angeweza kumshitaki mfungwa kwa kudarizi paka.

Lakini si kila darizi ilimnusuru. Kazi nyingine yake, foronya iliyoonyesha mkono ukipogoa mzabibu pamoja na maneno ya Kilatini yasemayo kwamba wema hustawi kwa kujeruhiwa, alimpelekea Duke wa Norfolk, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyetaka kumwoa. Bwana huyo aliposhitakiwa kwa uhaini, foronya ile ikawa miongoni mwa ushahidi. Alikatwa kichwa kwa shoka mwaka 1572. Mnasikia? Foronya mahakamani. Serikali iliyaona maandishi ya sindano kuwa maandishi kamili.

Nimetaja foronya, na hapo lazima nimtaje mama yangu.

Wengi wenu mna umri wa kukumbuka foronya na mashuka ya kudarizi ya zamani. Bafta nyeupe, karatasi ya kaboni, penseli, na picha iliyopita mkono kwa mkono kijiji kizima: njiwa wawili wanaotazamana, midomo inagusana, waridi katikati, na chini yake "Lala salama". Nyumba yetu ilikuwa kwenye kambi ya mkonge. Baba alikuwa mkataji, kisha akaondoka kwenda Mombasa kutafuta kazi ya bandarini, na kwa miaka kadhaa tulipata habari zake kwa watu tu. Mama hakuwahi kulalamika mbele yetu. Alikuwa na njia yake ya kusema "baba yenu yuko kazini" ambayo ilifunga mjadala.

Katika miaka hiyo alidarizi foronya mbili. Nilizilalia utoto wangu wote, nikazifua, nikazianika, nikazipiga pasi ya mkaa. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, nimeshika foronya moja nikiwaonyesha wanafunzi mshono wa kujazia, ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele aliponiuliza, "Mwalimu, mbona njiwa huyu amempa mwenzake mgongo?"

Nikatazama. Kweli. Njiwa wa kushoto anatazama katikati, mdomo wake uko tayari. Wa kulia amegeuka, anatazama nje ya kitambaa. Si kosa la kaboni. Ili umpate hivyo lazima uinue karatasi, uigeuze, uichapishe upya upande wa pili, na mama yangu hakuwa mtu wa kukosea mara mbili kwenye foronya mbili. Alilisema. Alilisema kila usiku, chini ya kichwa changu, na mimi nisijue kusoma.

Baba alirudi hatimaye. Alilala juu ya foronya hizo miaka mingi.

Tuje kwenye kazi yenyewe kidogo, kwa sababu wanafunzi wapo. Pale mlangoni mmepita darizi ya mbuzi jike mweusi aliyejilaza. Rudini mkamtazame kwa upande, si kwa mbele. Mtaona manyoya yake yanang'aa mahali fulani na kufifia mahali pengine, ingawa uzi ni mmoja, mweusi ule ule. Siri ni mwelekeo. Manyoya ya mnyama hayalali upande mmoja: shingoni yanashuka, begani yanazunguka, tumboni yanarudi chini. Mdarizi akiufuata mlalo huo kwa kila tundu la sindano, mwanga unapiga kila eneo kwa namna yake, na mbuzi anapata mwili. Asipoufuata, hata akitumia rangi ishirini, atapata picha ya mbuzi na mbuzi mwenyewe asiwepo.

Wachina wa Suzhou wamefika mbali katika hilo. Wao hupasua uzi mmoja wa hariri ukawa nyuzi nyembamba ambazo jicho linazipata kwa shida, na wanadarizi paka anayeonekana kamili pande zote mbili za kitambaa, mbele paka, nyuma paka, mafundo hayaonekani popote. Macho ya paka wao yana rangi nyingi zilizopangwa kwa duara mpaka yanaonekana yana maji. Sisi hatuna hariri hiyo, na si lazima tuwe nayo. Lakini kitu kimoja hakihitaji fedha: huwezi kuufuata mlalo wa manyoya usioujua. Mama aliyemdarizi mbuzi yule amemkamua huyo mbuzi. Mkono wake umempapasa kabla ya sindano kumfikia. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaochukua picha ya simba kwenye simu na kuinakili, waanze na kuku wa nyumbani. Simba atawangoja.

Kuna swali ambalo najua liko mioyoni mwa baadhi yenu, nami siliogopi. Darizi yetu ya pwani, ya kofia na mikanzu, kwa sehemu kubwa ni ya maua, nyota na maumbo, kwa sababu ya dini na uzito wa kuchora chenye roho. Mafundi wa kofia wa Lamu na Unguja wamefanya ndani ya mpaka huo kazi ya ajabu, vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja kwa wiki na miezi. Naiheshimu kazi hiyo na anayeuchunga mpaka huo. Maonyesho haya yametoka kwenye mkondo mwingine, wa bara na wa kambi za mkonge, wa foronya na vitambaa vya meza, na mikondo yote miwili ni yetu.

Sasa nije kwa ng'ombe. Hapa naomba utulivu.

Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, kiko kijiji kiitwacho Hamburg, mahali mto Keiskamma unapoingia baharini. Mwaka 2000 alihamia hapo daktari ambaye pia ni msanii, Carol Hofmeyr. Alikuta umaskini, na baada ya muda mfupi alikuta UKIMWI ukizika watu kila wiki. Alianzisha mradi wa sanaa na wanawake wa kijiji, na wengi wao hawakuwa wadarizi hapo awali. Walikuja kujifunza ili wapate chochote cha kupeleka nyumbani. Na kazi kubwa ya kwanza waliyojitwisha ilikuwa kujibu kile kitambaa cha Bayeux. Ni kama kusema: watu wa Normandy wana mita zao 70, na sisi Waxhosa, watu wa nchi hii, tuna historia. Wakadarizi mita 120.

Zaidi ya wanawake mia moja walishiriki. Kitambaa kinaanza na Wasan, wakazi wa kwanza, kinapita katika vita vya mpaka na ujio wa Wazungu, mpaka kwenye mistari mirefu ya wapiga kura wa mwaka 1994. Na ndani yake ng'ombe hawamaliziki. Hao si pambo. Kwa Waxhosa, kama ilivyo kwa wafugaji wa kwetu, ng'ombe ni mahari, ni sadaka, ni jina la ukoo, na kila mchanganyiko wa madoa na rangi una jina lake katika lugha. Ukidarizi ng'ombe wa aina ile unadarizi neno.

Na huwezi kuwadarizi ng'ombe wa nchi hiyo bila kufika mwaka 1856. Ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe, uliokuja na mifugo kutoka Ulaya mwaka 1853, ulikuwa umemaliza mazizi. Waingereza walikuwa wanakula ardhi kipande kwa kipande. Ndipo binti mdogo aitwaye Nongqawuse akasema ameambiwa na wahenga kwamba watu wachinje ng'ombe wao wote na kuharibu nafaka, na wafu watafufuka pamoja na mifugo mipya isiyo na ugonjwa. Wengi waliamini. Mtu aliyekwisha kupoteza karibu kila kitu huamini, nami siwacheki. Walichinja ng'ombe wapatao 400,000. Siku iliyoahidiwa ikaja, jua likatua kama kawaida, na watu makumi ya maelfu wakafa kwa njaa. Ardhi ikabaki wazi kwa wageni.

Wajukuu wa walionusurika ndio walioketi Hamburg na sindano. Nimefikiri mara nyingi juu ya mwanamke anayedarizi ng'ombe mmoja wa wale 400,000. Anamrudisha. Uzi kwa uzi anamrudishia ngozi yake, doa lake, pembe yake, huku nyumbani kwake mtoto wake mwenyewe huenda anaumwa. Bayeux wanyama walitoweka vita vilipokuja. Keiskamma wanyama wamerudishwa.

Kitambaa hicho kilitundikwa katika Bunge la Afrika Kusini, Cape Town. Tarehe 2 Januari 2022 Bunge hilo liliungua, paa likaanguka, ukumbi wa wabunge ukawa majivu. Nilikuwa nasikiliza redio na moyo wangu haukwenda kwa wabunge, Mungu anisamehe. Ulikwenda kwa ng'ombe. Baadaye ikatangazwa kwamba kitambaa kimepona.

Wenyeji wangu wanisamehe pia kwa hili ninalotaka kusema sasa. Vibao vya ukutani humu vimeandikwa jina la mnyama, jina la kikundi na bei. Jina la mama aliyedarizi halipo. Najua mlivyoelezwa, kwamba kazi ni ya kikundi na mwenye kununua hajali. Lakini hatuna hata jina moja la wale waliodarizi Bayeux, hata moja, na dunia imekuwa ikiwatafuta. Mwaka 1885 wanawake wapatao 35 wa chama cha darizi cha mji wa Leek, Uingereza, wakiongozwa na Elizabeth Wardle, waliamua kudarizi nakala kamili ya kitambaa hicho, na wakaimaliza mwaka uliofuata. Nakala hiyo iko katika makumbusho ya mji wa Reading. Itembelee leo, na chini ya kila kipande utasoma kwa uzi jina la mwanamke aliyekitia sindano. Walipofika mwisho wa kipande, waliandika.

Kule Mexico, katika milima ya Hidalgo, watu wa Otomí wa Tenango de Doria wanadarizi ndege, kulungu na armadilo, mnyama wa Amerika anayefanana na kakakuona, wote wa rangi kali, kazi iliyoanza kuuzwa miaka ya 1960 baada ya ukame kuwanyima mavuno. Michoro yao imenakiliwa na kuchapwa kwenye nguo za madukani bila wao kupata kitu. Kazi isiyo na jina ni rahisi kuibeba. Kwa hiyo naomba, kabla ya wageni wa kesho, vibao viandikwe upya: jina la mama, kijiji chake, na miezi aliyoitumia. Wanafunzi wangu wa zamani wawili wako hapa na kalamu. Mnunuzi akiona miezi minne, hataniuliza tena kwa nini kitambaa kina bei hiyo.

Namalizia kwa samaki aliye mwisho kabisa wa ukumbi, ukuta wa peke yake. Watu wa Tanga hamhitaji kutajiwa. Ni silikanti.

Wanasayansi waliamini samaki huyu alitoweka duniani pamoja na dinosaria. Desemba 1938 wavuvi wakamtoa baharini karibu na mlango wa mto Chalumna, Afrika Kusini, pwani ile ile ya Hamburg, si mbali na hao ng'ombe niliowataja. Aliyemtambua kwamba si samaki wa kawaida ni mwanamke, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ndogo ya mji wa East London, huko huko Afrika Kusini, na samaki akapewa jina lake: Latimeria chalumnae. Jina la mwanamke na jina la mto, yote mawili yamebebwa na samaki mmoja. Kwetu alianza kunaswa kwenye majarife ya vina virefu mwaka 2003, akaendelea kunaswa, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, hapa Tanga.

Mama aliyemdarizi ni mke wa mvuvi. Alimwona silikanti mara moja tu, mchangani, amekwisha kufa. Na silikanti akifa rangi yake huondoka, anakuwa kahawia kama gogo. Mama huyo hakutaka kudarizi gogo. Alikwenda kwa mumewe na kwa wavuvi wengine, mmoja mmoja, akawauliza jarife lilipokuwa linapanda, kabla hajafika juu, alikuwa na rangi gani. Mmoja akasema buluu ya usiku. Mwingine akasema buluu yenye madoa meupe kama chokaa. Mzee mmoja akasema hakumbuki rangi ya mwili kabisa, anakumbuka jicho tu, kwamba lilipopigwa na taa liliwaka kijani.

Amenunua nyuzi za buluu mara tatu kabla hajaridhika. Madoa meupe ameyapanga bila kufuata mpango, kwa sababu aliambiwa hakuna silikanti wawili wenye madoa sawa. Jicho alilibakiza mpaka mwisho, na amelitia uzi wa kijani wenye mng'ao, duara ndani ya duara. Kwa taa hizi za dari hamtaliona vizuri. Ameniomba niwaombe, na mimi nawaomba: mkifika pale, aliye karibu na swichi azime taa, na mmoja wenu amulike kwa simu, kutokea chini, kama mvuvi.